Maswali ya Wasomaji: Betri Inayocheza Haimalizi Mwaka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenye malori yaliyokula miaka: Fuso, Isuzu na Scania za zamani, yale ya volti 24 yenye betri mbili ubavuni mwa chasisi. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu karibu nusu ya nyingine zote zinaishia palepale.

Mafundi, salaam. Nina Fuso ya zamani, nabeba mbao na viazi kutoka vijijini kuleta mjini. Inatumia betri mbili za saizi ya N100 (ampea-saa 100). Katika miezi kumi na minne nimenunua jozi mbili, kila moja ya kampuni yake, na jozi ya pili nayo imeanza: asubuhi staata inalia ka-ka-ka halafu kimya. Betri ya kampuni gani inahimili njia za mashimo?
*Mwenye Fuso, Makambako*

Ndugu, kabla ya kutaja kampuni fanya jambo moja. Fungua kifuniko cha boksi la betri, shika betri kwa pembe mbili, itikise kwa nguvu. Kinachotakiwa kutikisika ni lori. Kama betri inacheza ndani ya boksi hata kwa upana wa kidole, umeshampata muuaji, na hata ukinunua ya bei kubwa kuliko zote dukani itakufia vilevile.

Ndani ya betri kuna seli sita. Kila seli ina plati za risasi zilizopangwa kama kurasa za daftari, na kila plati imesiribwa ungaunga wa risasi ambao ndio unaotunza umeme. Betri ikirukaruka, ungaunga unabanduka na kutuama chini kama machicha ya kahawa. Machicha yakipanda hadi kugusa plati, seli inapiga shoti ndani kwa ndani. Seli nzima ni volti 2.1, hivyo betri iliyojaa husoma 12.6 na iliyopoteza seli moja husoma 10.5 hivi.

Balaa haliishii kwa hiyo moja. Betri zako zimeungwa mfululizo, na alteneta (mtambo wa injini unaochaji betri) inatuma volti 28 kwa jozi nzima bila kujua nani mzima na nani mgonjwa. Zimebaki seli kumi na moja za kugawana volti hizo: mgonjwa mwenye seli tano anachukua kama 12.7, mzima mwenye sita anabebeshwa 15.3. Kwa 15.3 betri inachemka, inakausha maji, inanuka yai viza, na baada ya wiki kadhaa inamfuata mwenzake. Mwenye gari akiona zote mbili zimekufa anailaumu kampuni.

Pima kila betri peke yake, gari likiwa limelala usiku kucha. 12.6 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Jozi ikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, mojawapo ina kasoro. Kisha zitoe, uziangalie chini. Pembe zilizosagika hadi plastiki ikawa na vinyweleo ni alama ya betri inayotembea. Unyevu kuzunguka nguzo (vichwa vya risasi vinavyofungwa waya) ni alama ya nguzo iliyolegea. Ukivuta maji ya seli kwa haidromita yakaja ya rangi ya kahawia, ujue ungaunga umeshaanza kubanduka, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Sasa boksi. Tunajua kinachotumika huko barabarani: mpira wa tyubu uliofungwa mara nne, kipande cha mbao pembeni, kandambili iliyochakaa ikichomekwa mahali pa wazi. Mpira wa tyubu ni mzuri kwa kufungia turubai. Kwa betri haufai, maana mpira unanyumbuka: lori likidunda unaiachia betri ipande, kisha unaivuta ishuke kwa kishindo. Mbao hunyonya asidi, huoza na kusinyaa. Kandambili tusiizungumzie.

Ya kufanya ni haya. Ondoa betri zote mbili, safisha boksi kwa maji yaliyochanganywa soda ya kuokea, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja. Hata magadi ya jikoni yanafanya kazi hiyo. Mimina, acha litoe povu, rudia mpaka povu likatike, suuza, kausha. Gonga chuma kwa nyundo ndogo. Kinacholia kwa sauti ya wazi ni kizima, kinacholia kwa sauti ya bati kimeshaliwa. Kama sakafu imeliwa usitie kiraka, tengeneza boksi jipya.

N100 ina urefu wa sentimita 41 na upana wa 17.6. Kwa mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, nafasi ya ndani iwe sentimita 42 kwa 37, ili ukiweka mpira mgumu wa milimita 5 kila upande na mwingine katikati, zikae bila kubanwa na bila kucheza. Fremu iwe chuma cha pembe cha 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 4, sakafu bati la milimita 3 lenye matundu manne ya milimita 10 ya kutoa maji, na kingo zipande angalau sentimita 5. Sakafuni tandika mpira bapa, kwa mfano ule wa mkanda wa mashine. Kipande cha tairi hakifai, maana kina mgongo na nyuzi za chuma zinazotokeza na kutoboa plastiki.

Boksi lifungwe kwenye chasisi kwa bolti nne za milimita 12, zenye alama 8.8 kichwani, kwa kutumia matundu yaliyokuwapo kwenye ubavu wa chasisi. Usitoboe wala kuchomelea ukanda wa juu au wa chini wa chasisi, kwani hapo ndipo inapobeba mzigo na hapo ndipo ufa unapoanzia. Ukichomelea chochote kwenye gari, betri ziwe zimetoka na nyaya za alteneta zimefunguliwa.

Juu ya betri pitisha pau ya chuma cha pembe cha 30 kwa 30, iliyovishwa mpira au hosi iliyopasuliwa, ikalie kingo za mfuniko wa betri mbali na nguzo na vizibo. Pau ishikwe na bolti mbili za ndoano za milimita 8 au 10, ndoano ikiwa imenasa kwenye tundu la boksi lenyewe. Mwili wa kila bolti uvishe hosi pia. Nati iwe ya nailoni ndani, au nati mbili zilizofungana. Kaza kwa vidole mpaka pau ikae, halafu spana nusu mzunguko, jaribu kutikisa, ongeza kidogo ikibidi. Ukiona mbavu za betri zinavimba au mfuniko unapinda umepitiliza, na betri iliyobanwa hivyo itapasuka kwenye shimo kubwa la kwanza. Nyuzi za bolti zinazobaki juu ya nati zikate zibaki kama milimita 5. Zikiachwa ndefu, siku mtu akikanyaga kifuniko cha boksi bolti inakutana na kifuniko, kifuniko kinakutana na nguzo, na hapo moto.

Kifuniko chenyewe kiwe juu ya nguzo kwa sentimita 2 au zaidi, kibandikwe mpira kwa ndani. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo rudi na spana, maana mpira mpya hulala. Baada ya hapo kagua kila unapopiga grisi.

Ukimaliza yote hayo ndipo uulize kampuni. Betri za malori za viwango vya Ulaya huwa na alama ya kuhimili mtikisiko, V1 hadi V4. Ukipata V3 au V4 chukua hiyo. Kama haina alama, linganisha uzito: mbili za saizi moja, zote zina maji, moja ikizidi nyingine kilo tatu, iliyo nzito ina risasi zaidi ndani. Na nunua mbili kwa pamoja, aina moja, tarehe zikaribiane. Muuzaji akupimie hapo hapo dukani. Ikisoma chini ya 12.4 mrudishie, imekaa rafu muda mrefu.

Nina tipa ya mchanga, staata nzito. Fundi amenishauri nitoe N100 niweke N150 ili iwe na nguvu zaidi. Wengine wanasema alteneta itaungua. Nani mkweli?
*Mwenye tipa, Kibaha*

Alteneta haitaungua kwa sababu ya ukubwa wa betri peke yake. Ila nawe jiulize kama tatizo ni udogo wa betri. Tipa inayowasha na kuzima mara ishirini kwa siku kati ya machimbo na eneo la ujenzi hairudishi ilichokula. Alteneta ya ampea 40, ukiondoa taa na vinginevyo, inabaki na kama ampea 20 za kuchaji. Ukitumia ampea-saa 50 (ampea ukizidisha kwa saa, ndicho kipimo cha akiba ya betri), unahitaji takribani saa tatu za injini inayokimbia kuzirudisha. N150 haifupishi saa hizo. Inachofanya ni kukuongezea akiba tu.

Kama staata ilikuwa ikizunguka vizuri zamani kwa N100 na sasa ni nzito, shughulikia nyaya na arthi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chasisi) kwanza (tazama barua ya Mwanza hapa chini). Kama umeamua kuongeza, kumbuka N150 ni sentimita 51 kwa 22, nayo ina karibu kilo 40 kila moja. Haiingii kwenye boksi la N100, na tusisikie habari ya kuikata kingo ya boksi ili betri ichungulie nje. N200 ni 52 kwa 28 na inakaribia au kupita kilo 50. Hiyo ni ya vichwa vikubwa, na kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Soma pia maandishi yaliyo ubavuni. Betri za mtindo wa Kijapani huandikwa mfano 95E41R, ambayo ndiyo N100, au 145G51, ambayo ndiyo N150. Tarakimu za mwisho ni urefu kwa sentimita. Za mwanzo ni daraja la nguvu, si ampea-saa kama wengi wanavyodhani. Herufi ya mwisho, R au L, kama ipo, inaeleza nguzo chanya ipo upande gani. Nenda dukani na picha ya betri ya zamani ikiwa ndani ya boksi. Ukichukua iliyo kinyume, waya hautafika, fundi atauvuta upite juu ya pau, na baada ya mwezi ngozi ya waya imesagika. Waya wa staata kwenye malori mengi ya zamani hauna fyuzi. Ukigusa chasisi hakuna kitakachokatika mpaka kiungue.

Nimefunga redio na chaji ya simu kwenye betri moja kati ya mbili, kwa kuwa vinatumia volti 12. Vinafanya kazi vizuri. Kuna ubaya?
*Dereva, Tunduma*

Upo, ila unakuja polepole. Betri hiyo moja inakamuliwa kila siku, lakini inachajiwa sawasawa na mwenzake ambaye hakukamuliwa. Ya redio haijai kamwe, plati zake zinaganda chumvi nyeupe. Nyingine inajazwa kupita kiasi na kukauka. Weka mita kwenye kila betri injini ikiwa imewaka kwa mwendo wa wastani: kila moja inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ukikuta moja 13.4 na nyingine 14.8, jibu unalo.

Nunua konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Ya ampea 10 inatosha redio na simu. Ichukue umeme kwenye jozi nzima kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Konveta si ghali ukilinganisha na N100.

Mimi ni kijana najifunza ufundi umeme wa magari. Nauliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini wanasema hasi ifunguliwe kwanza? Pili, kuna lori linakuja hapa gereji, betri nzima kabisa, 12.6 kila moja, lakini staata inavuta kwa shida na waya unapata moto.
*Fundi mwanafunzi, Mwanza*

La kwanza. Spana yako ikiwa kwenye nguzo chanya, na hasi bado imeunganishwa na chasisi, mwisho wa pili wa spana ukigusa chuma chochote cha gari umepiga shoti kamili. Spana inaweza kung'ang'ania na kuwa nyekundu mkononi, na cheche inakutana na haidrojeni inayotoka kwenye vizibo. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inalipuka, na betri ikipasuka inarusha asidi usoni. Ukiwa umeshaachanisha hasi, spana ikigusa chasisi hakuna njia ya umeme kurudi. Kwa hiyo ukifungua anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Vua pete na saa. Asidi ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka yasiyopungua dakika 15, halafu hospitali.

Ila usikariri "hasi", kariri "upande wa arthi". Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, zikiwamo Land Rover za mwanzo, yalifungwa arthi kwenye chanya. Yakikujia gereji, kinachofunguliwa kwanza ni chanya. Fuata waya kwa jicho mpaka uone umefungwa wapi. Na kama rangi za nyaya zimebadilishwa na mafundi watatu kabla yako, amini nguzo: chanya ni nene kuliko hasi kwa kama milimita moja na nusu.

La pili. Weka mita kwenye volti. Ncha moja ya mita igusie katikati ya nguzo ya betri, nyingine igusie temino iliyobana nguzo hiyohiyo. Mwambie mwenzako apige staata. Ikisoma zaidi ya 0.2, umeme unapotelea hapo kwenye mshikano wenyewe. Rudia kwa waya mzima: kutoka nguzo chanya hadi bolti ya staata, kisha kutoka nguzo hasi hadi mwili wa injini. Kwa volti 24 usikubali zaidi ya 0.5 kila upande. Upande wa hasi ndio unaosahauliwa zaidi, na mara nyingi mkosaji ni ule ukanda wa arthi kati ya injini na chasisi, umeoza chini ya rangi na matope.

Waya nao upime. Mita tatu za shaba ya milimita mraba 50, zikipitisha ampea 400 za staata, hupoteza volti 0.42. Za milimita mraba 25 hupoteza 0.84, na upotevu huo wote unageuka joto. Kwa lori la staata ya kilowati 5, nunua 50 hadi 70. Na kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona chini ya rangi ya shaba kuna weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inafanya kama theluthi mbili tu ya kazi unayoitaka kwa unene uleule na ikishalowa inaoza haraka.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa bado unajifunza na hujazoea ubaya. Utakuta temino iliyolegea imechomekwa msumari au skrubu kati yake na nguzo. Ung'oe. Msumari unagusa kwa ncha mbili tu, panapata moto, na risasi ni laini hivyo nguzo inachanika. Badili temino, au funga nguzo kwa ukanda mwembamba wa risasi. Usiigonge temino kwa nyundo ili iingie: kinachovunjika kiko chini, pale nguzo inapoungana na plati, nawe hutakiona. Ipanue kwa bisibisi, ishuke yenyewe mpaka chini, ndipo ukaze bolti kwa spana namba 10, au 12 au 13 kulingana na temino. Ikae kiasi kwamba huwezi kuizungusha kwa mkono, basi. Grisi au mafuta ya mgando paka baadaye, juu.

Habari zenu mafundi. Malori mawili niliachiwa na marehemu mume wangu, na nayasimamia mwenyewe. Dukani wananiambia nichukue betri kavu, haina usumbufu wa maji. Dereva wangu hataki. Nimsikilize nani? Na betri mbovu nizipeleke wapi?
*Mama mwenye malori, Mombasa*

Pole kwa msiba, Mama. Kwa malori ya zamani tuko upande wa dereva.

Betri inayoitwa kavu si kavu, ina asidi ileile, tofauti ni kwamba imefungwa na hupoteza maji kidogo sana mradi ichajiwe kwa volti sahihi. Neno kubwa hapo ni "mradi". Katauti (kidhibiti cha volti za alteneta) ya lori kuukuu ikizeeka inaweza kuachia volti 29 au 30. Betri ya maji itachemka, dereva ataona maji yamepungua, ataongeza, atamwita fundi. Iliyofungwa itachemka pia, lakini hakuna atakayeona mpaka siku inakataa kuwasha. Na joto la pwani linaongeza ubaya: kwa kila nyuzi 10 zinazozidi, umri wa betri hupungua karibu nusu. Mpe fundi apime: injini ikiwa imewaka, jozi nzima isome kati ya 27.6 na 28.8. Kama lori moja linasoma hivyo kwa uthabiti, nalo linakwenda masafa marefu ya lami, hilo unaweza kuliwekea iliyofungwa.

Kwa ya maji, mwambie dereva aangalie kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa kaskazi. Maji yafike kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni, au yazidi plati kwa sentimita moja. Yawe maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), si ya chupa za kunywa. Ya bomba yana chumvi, ya kisima ndiyo kabisa. Na asiongeze asidi. Asidi haipungui kwa mvuke, kinachopungua ni maji, na ukiongeza asidi plati zinaliwa. Vizibo vyenye matundu ya kupumulia vikaguliwe visizibwe na vumbi.

Betri mbovu mrudishie muuzaji wakati wa kununua mpya, wengi wanakata kiasi kwenye bei. Usiruhusu ivunjwe uani ili iuzwe risasi. Hapo Mombasa mnaijua habari ya Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kiliacha watu na sumu mwilini, kesi ikafika mahakamani na uamuzi wa fidia ukatolewa mwaka 2020.

Tukikaa foleni ya mpaka siku mbili tatu, usiku nawasha taa ndogo, redio na feni. Siku ya kuondoka gari haliwaki, tunabustiana. Juzi utingo wa jirani alibusti, waya ukatoa cheche kubwa na kizibo cha betri kikaruka.
*Dereva wa masafa, Kasumbalesa*

Tupige hesabu. Taa ndogo nane za wati 5 ni wati 40, redio 10, feni 30, jumla 80. Gawanya kwa 24, unapata ampea 3.3. Saa nane za usiku ni ampea-saa 27 hivi. Kwa N100, usiku wa kwanza umekula robo, wa pili umefika nusu, wa tatu umepita robo tatu. Kuungwa mfululizo kunaongeza volti tu. Ampea-saa zinabaki 100, si 200, na hapo ndipo madereva wengi wanapokosea. Kuwasha injini dakika 20 bila kukanyaga mafuta hakusaidii sana, kwani injini ikizunguka polepole alteneta hutoa kidogo, labda unarudisha ampea-saa 5. Badili taa ziwe za LED, au panga na wenzako walioko nyuma na mbele nani anawasha za pembeni usiku gani.

Cheche ile sababu yake tunaihisi: katika jozi kuna waya mfupi, daraja, unaounganisha chanya ya betri moja na hasi ya nyingine. Aliyebusti alishika nguzo ya daraja akidhani ni ya mwisho. Chanya unayoitaka ni ile ambayo waya wake unakwenda kwenye staata. Anza hapo. Kisha chanya ya gari linalosaidia, ya staata vilevile. Kisha hasi ya gari linalosaidia. Ncha ya nne, ya mwisho, isiguse betri iliyolala kabisa: ifunge kwenye chuma kitupu cha chasisi au injini, mbali na boksi, ili cheche ikitokea isitokee kwenye gesi. Subiri dakika tano, gari linalosaidia likiwa limewaka, ndipo upige. Kufungua ni kinyume chake, kuanzia ncha ya mwisho. Malori yote mawili yawe ya volti 24, gari dogo lisisogezwe hapo. Na kabla ya yote angalia maji. Betri iliyokauka mpaka plati zinaonekana usiibusti.

Kama lori lina swichi kuu ya kukata betri, izime unapolala bila taa. Usiizime swichi hiyo wakati injini inawaka: alteneta ikipoteza betri ghafla inarusha volti kubwa na kuchoma dayodi zake.

Ni kweli betri ikiwekwa chini kwenye saruji inanyonywa chaji?
*Mlinzi wa gereji, Dodoma*

Hapana. Maboksi ya sasa ni ya plastiki. Inaisha kwa sababu betri yoyote iliyokaa hujimaliza yenyewe, na ya maji kwenye joto kali inaweza kupoteza hadi karibu asilimia 1 kwa siku. Iweke popote penye kivuli, ifute vumbi na unyevu juu, ichaji kila mwezi. Ila ikiwa inavuja, saruji yako ndiyo itakayoliwa.